Goti la Balozi

Mjumbe wa Malkia alipowasili Madrid kumrudisha Balozi nyumbani, Thomasin alikuwa jikoni, mikono imezama hadi viwikoni kwenye utumbo wa kondoo. Ilikuwa Jumamosi, na kwa watu wa Kastilia Jumamosi nyama ni marufuku, ila kichwa, miguu, maini na matumbo ruksa. Thomasin, Mprotestanti wa Uingereza tangu utotoni, hakuwahi kuielewa hesabu hiyo. Supu yake lakini aliielewa vizuri, na mumewe aliielewa zaidi.

Mumewe ndiye aliyekuwa Balozi. Dokta Ambrose Wyncoll, kasisi mkuu wa kanisa moja kubwa huko kwao, alikuwa mtu wa kimo, mwenye Kilatini kingi na goti moja bovu. Goti hilo lilitokana na nyumbu aliyembwaga njiani kutoka bandarini, na tangu siku hiyo likawa linajitegemea: likitaka kukunjika linakunjika, mwenyewe asiulizwe.

Thomasin alikuwa mkewe wa ndoa, tena ndoa ya kanisani. Uingereza, tangu dini igeuzwe, makasisi wanaoa, ingawa Malkia mwenyewe akimwona mke wa kasisi hukunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Hispania ndiyo usiseme kabisa. Basi siku ile walipofika mlangoni kwa Doña Brígida, mjane aliyelazimika kwa amri ya Mfalme kuwaachia wageni wa ikulu nusu ya nyumba yake, mjane alimtazama Thomasin juu hadi chini akauliza, "Na huyu je?"

Balozi akakohoa. "Huyu? Huyu ananitunzia nyumba."

Walipobaki wawili alimbembeleza. Ni kwa muda tu, mpenzi, mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa sawa, yalikaa hivyo hivyo. Mwaka ukapita na nusu yake, Thomasin akawa anaitwa binti na mwenye nyumba, anatumwa maji, anamwamkia mume wake mwenyewe "Mheshimiwa" mbele za watu. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kujitokeza, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuna aliyeshtuka.

"Usione haya, binti," Brígida alimwambia huku akimpimia tumbo kwa jicho la mzoefu. "Padri Ginés wetu ana wapwa wanne, wote na pua ile ile. Wanamwita mjomba. Anawalisha, anawavisha, wana viatu kuliko watoto wa fundi seremala. Wako naye atamwita Dokta mjomba, basi, yameisha."

Thomasin alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Siku ile ile alimwambia Ambrose: mwanangu hatakuita mjomba. Ambrose akambusu kipajini akasema tutaona. Alikuwa bingwa wa tutaona.

Turudi kwenye utumbo. Mezani siku hiyo walikuwapo Balozi, Doña Brígida, na Padri Ginés mwenyewe, ambaye Jumamosi alikuwa haalikwi ila alikuwa hakosi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mwekundu kwa jua, mweupe kwa vumbi, upanga ukimgonga mguuni. Bwana Piers Holcombe, mtu wa ikulu ya Malkia. Alipiga saluti ya haraka, akajitupa kwenye kiti, akamwona mwanamke aliyevaa aproni, akamnyooshea mguu.

"Vua."

Thomasin alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari. Lilikuwa dari la kawaida tu, halina hata mchoro. Basi Thomasin akalishika buti akalivuta kwa nguvu zote, Bwana Piers nusura aje nalo.

"Karibu, karibu utumbo!" akasema Padri Ginés, ambaye hakuona ubaya wowote duniani wakati bakuli limejaa. "Umekuja kumsalimu Dokta wetu? Bwana, huyu ni mtu wenu siku sita, lakini Jumamosi ni wetu! Hakuna Mkastilia anayeishika Jumamosi kama yeye."

Bwana Piers, aliyekijua Kihispania vizuri, aliweka kijiko chini. "Naam?"

"Na anavyoiheshimu Sakramenti!" Brígida akadakia. "Miezi michache iliyopita Padri alikuwa anampelekea mgonjwa Mwili wa Bwana, kengele ikalia, mtaa mzima tukapiga magoti kama ilivyo desturi. Na Dokta je? Puu! Chini! Tena kwenye tope, hakutafuta hata pakavu. Mimi nililia."

"Ilikuwa ni goti," Balozi akasema kwa Kiingereza.

"Najua," akajibu Bwana Piers kwa Kiingereza hicho hicho. "Goti hilo limesikika hadi London."

Padri Ginés hakuelewa neno, ila aliona mazungumzo yanapoa, akayachochea. "Na usafi wa maisha! Tunaambiwa makasisi wa Uingereza wote wameoa, Mungu apishe mbali. Huyu hana mke. Ana mtunza nyumba tu, kama Mkristo mwema."

Jikoni sufuria ilianguka. Haikuanguka yenyewe.

Baadaye walipanda ghorofani, Bwana Piers, Balozi, na Thomasin aliyejifanya kuleta maji ya kunawa. Bwana Piers alifunga mlango akatoa habari bila kuipaka asali. Malkia anamwita Dokta Wyncoll nyumbani. Kuna mfanyabiashara wa sufu aliyelishwa kwenye meza ile pale chini. Alirudi London, na kila alikokunywa alisimulia kwamba kasisi mkuu anashika Jumamosi ya Kipapa, anapiga magoti barabarani, na mke aliyekwenda naye haonekani wala hatajwi. Kwa ufupi, Balozi wa Malkia amegeuka mtu wa Papa.

"Ukirudi na harufu hii, Dokta," alisema, "mlango utakaofunguliwa ni wa Mnara, gereza la wasaliti. Na unawajua wanaoingia Mnarani. Wengi wakitoka hawana pa kuvalia kofia."

"Lakini mke wangu ndiye huyu!" Balozi akapaza sauti. "Umemvulisha mabuti yako!"

Bwana Piers akageuka. Uso uliokuwa mwekundu kwa jua ukaongeza wekundu wake wenyewe. Akainama hadi nywele zikamfunika macho. "Bibi, niwie radhi."

"Buti lako la kulia limeisha kisigino," Thomasin akamjibu. "Nimeona nikuambie, maana nimeyafahamu kwa karibu."

"Sawa, yamekwisha basi," akasema Balozi, anapangusa jasho. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona nini? Chumbani, mlango umefungwa, kila kasisi wa nchi hii ana mke. Hata yule wa chini anayelamba sahani, pua yake nimekutana nayo mtaani mara mbili kabla sijamwona yeye. Dokta, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nitaulizwa Balozi anaishije mbele ya watu, na nitasema niliyoyaona mbele ya watu. Kesho asubuhi tunapakia nyumbu."

Kumbe mtu akiogopa anaweza kuwa mbunifu. Balozi alishuka ngazi kwa mguu mmoja na nusu, akakata kipande cha paja la nguruwe kinachomtosha askari, akasimama katikati ya mlango wa mtaani na kuanza kukitafuna. Nyama yenyewe, si utumbo, Jumamosi, hadharani! Nani atasema huyu ni mtu wa Papa? Bwana Piers alikuwa dirishani juu, Thomasin kando yake.

Fundi seremala akapita, akasimama, akavua kofia. "Safi sana, Mheshimiwa! Anakula nguruwe watu wote wamwone! Huo ndio Ukristo wa damu, si hawa wanaojificha tusijue kama babu zao walikuwa Wayahudi au Waislamu."

"Lakini leo Jumamosi!" Balozi akamkumbusha, shavu limevimba nyama.

"Masikini, ni mgonjwa," Brígida akajibu kutoka ndani. "Goti hilo. Bila shaka Baba Mtakatifu amempa ruhusa."

"Amepewa ruhusa na Baba Mtakatifu!" fundi akaupasha mtaa habari. Bibi mmoja mzee akamfanyia Balozi ishara ya msalaba usoni. Mwingine akamletea majani ya kukandia goti.

Pale dirishani Bwana Piers alifumba macho kama anayesali. Thomasin alijishika mbavu, anacheka, anajua kabisa kwamba anachokicheka ni shingo ya mumewe, na hakuweza kuacha.

Ambrose alipopanda tena, majani mkononi, mafuta kidevuni, mkewe alikuwa anafunga mizigo.

"Neno moja lingetosha," Thomasin akasema.

"Neno gani?"

"Unalijua. Ulilikohoa mlangoni siku ile ukashindwa kulitema."

Akakaa kitandani. "Nikilisema hadharani, Mfalme hataruhusu nilale mjini humu tena. Kasisi na mke, chini ya pua yake! Atanifukuza."

"Si ndicho tunachokitafuta? Anayefukuzwa na Mfalme huyu kwa uzushi, London nani atamwita mtu wa Papa?"

"Na Baraza Takatifu, wale wanaochoma wazushi? Mimi ni balozi, hawanigusi. Wewe watakugusa. Kwa nini unadhani nimenyamaza muda wote huu?"

Hilo Thomasin hakulitegemea. Alikaa na shati mkononi, moyo unamlainika bila ruhusa yake. Halafu akaliwaza vizuri, moyo ukakaza tena.

"Ambrose. Mke wa balozi ana ulinzi wa balozi. Mtunza nyumba ana ulinzi wa nani?"

Kwa mwaka na nusu Dokta Wyncoll, mwenye Kilatini chote kile, alikuwa amemficha mkewe mahali pasipo na paa, na ndiyo kwanza analiona hilo.

"Mficha uchi hazai," akasema Thomasin. "Na mimi nazaa."

"Tutaona kesho," akasema Ambrose, lakini hakulisema kama zamani.

Jumapili asubuhi nyumbu walisimama mtaani wamepakiwa. Brígida alikuwa analia na kuhesabu vijiko vyake kwa pamoja. Balozi alitoka, kofia mpya, akasimama katikati ya njia kumwelekeza mtu wa nyumbu namna ya kufunga sanduku la vitabu. Na hapo ndipo kengele ilipolia.

Padri Ginés alikuwa anakata kona, kitambaa cha dhahabu mabegani, Sakramenti mkononi, mpiga kengele mbele, wapwa wanne nyuma na mishumaa. Mtengeneza matandiko wa mwisho wa mtaa alikuwa amezidiwa. Mtaa mzima ukashuka magotini: fundi seremala, bibi wa majani, Brígida na vijiko vyake, hata mtu wa nyumbu. Bwana Piers, mjanja, alikwisha kujibanza nyuma ya mlango, jicho moja nje. Aliyebaki wima ni Balozi peke yake.

Alisimama vizuri. Kidevu juu, Mprotestanti toka unywele hadi ukucha. Thomasin, kizingitini, alijivunia kwa pumzi moja. Pumzi ya pili akaliona goti.

Alilijua goti lile kuliko mwenyewe. Lilianza na mtetemo mdogo, kisha likaelekea nje, na likishaelekea nje hapana dawa, ni chini. Bwana Piers ataona, London itaona. Thomasin hakufikiri. Aliruka kizingiti, akapita kati ya watu waliopiga magoti, akamkumbatia mumewe kutoka nyuma, mikono kifuani kwake, tumbo mgongoni kwake, akajikita miguu kama anayezuia ng'ombe kuingia shambani.

Kengele ikanyamaza. Padri Ginés alisimama. Watu wakainua nyuso, magoti yakiwa bado chini.

"Dokta," Padri akasema polepole, "mbona mtunza nyumba wako anakukumbatia mbele ya Sakramenti?"

Nyumbu mmoja akapiga chafya.

"Sema," Thomasin akamnong'oneza sikioni. "Sema, au nakuachia."

"Thomasin, jamani, si hapa."

Akalegeza kidogo. Balozi akashuka shubiri nzima.

"Mama wee! Nishike!"

"Mimi ni nani wako?"

"Unajua wewe ni nani!"

"Mimi najua. Waambie wasiojua." Akalegeza tena. Balozi sasa alikuwa amekunjika nusu, anaelea kati ya dini mbili, na mikono iliyomzuia asiangukie hii au ile ni ile ile aliyoiacha itumwe maji mwaka mzima. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana aliacha kutazama Sakramenti, akaacha kutazama mlango wa Bwana Piers, akaitazama mikono.

"Si mtunza nyumba," akasema.

"Sauti," akasema Thomasin.

"Si mtunza nyumba!" Njiwa waliruka paani. "Ni mke wangu! Anaitwa Thomasin, nilimwoa kanisani mbele ya watu, na nilimkana mlangoni pa nyumba hii kwa sababu mimi ni mwoga! Mtoto aliye tumboni ni wangu! Na ataniita baba! Sitaki kusikia habari ya mjomba! Baba!"

Nyuma ya Padri Ginés mishumaa minne ilitikisika, na nyuso nne zenye pua moja zikageuka taratibu kumtazama. Padri akaifunika Sakramenti kwa kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mgonjwa anasubiri," akapita. Mdogo wa wale wanne alipowafikia, aliwatazama Thomasin na Ambrose mpaka shingo ikagoma kugeuka zaidi.

Kisha mtaa ukalipuka. Mzushi! Kasisi mwenye mke! Na alikula nguruwe wetu! Bibi wa majani alidai majani yake arudishiwe. Habari ilifika ikulu kabla ya chakula cha mchana, na amri ikarudi mbio kuliko ilivyokwenda: Balozi wa Uingereza atoke Madrid kabla jua halijazama, yeye na huyo mwanamke.

"Yeye na mkewe," Balozi akamsahihisha tarishi wa ikulu.

Bwana Piers alijitokeza, mabuti ya vumbi, anacheka hadi upanga unalia. "Dokta, nilikuja kumchukua mtu wa Papa. Narudi na mzushi aliyefukuzwa na Mfalme wa Hispania mwenyewe! Malkia atakupa kanisa jingine juu ya hilo ulilonalo." Halafu akajikuna shingo. "Ila ukifika mbele yake, habari ya mke iruke. Unajua alivyo."

"Nimeshairuka sana," Ambrose akajibu. "Goti limechoka."

Brígida ndiye aliyebaki. Alimsogelea Thomasin, ngumi kiunoni, macho mekundu. "Mwaka na nusu! Mwaka na nusu nakutuma maji, nakufundisha kufua kola, na wewe mke wa mtu! Mzushi wee! Ungeniambia ningekupa chumba chenye jua." Akajifuta pua, akamsukumia mikononi chungu kilichofungwa kwa kitambaa. "Utumbo wa jana. Mzushi au si mzushi, mjamzito hasafiri na njaa. Nenda salama, Doña Thomasin."

Kumbe neno lenyewe, Doña, la kumwita bibi wa heshima, ni dogo hivyo, na ladha yake ni kubwa hivyo. Thomasin aliondoka Madrid juu ya nyumbu amekumbatia chungu, anacheka, analia, hajui kipi kinaongoza.

Balozi naye alikuwa hashikiki. Mtu aliyefungwa mdomo muda wote ule, ukimfungulia ndiyo hivyo tena. Aliwaambia walinzi wa lango: mke wangu. Aliwaambia wachungaji wa kondoo ambao hawakuuliza. Kwenye nyumba ya wageni ya kwanza aliagiza mayai "ya mke wangu", mkate "wa mke wangu" na tandiko "la mgongo wa mke wangu", mpaka Bwana Piers akaomba kuhamia meza nyingine. Thomasin alimwambia, basi sasa, Ambrose, watu wamesikia.

Karibu na bahari palikuwa na daraja, na darajani mzee wa kutoza ushuru, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya vitunguu. Akawatazama wanaume wawili, akamtazama mwanamke mwenye tumbo juu ya nyumbu.

"Na huyu je?" akauliza.

"Mke wangu," akasema Ambrose.

Thomasin alisikia vizuri kabisa. Akainama juu ya shingo ya nyumbu, akaweka mkono sikioni.

"Samahani, mzee wangu, upepo huu," akasema. "Hebu muulize tena."